Nani Analipia Ndoto Yako?

Somo: 2 Samweli 23:13–17



Vijana wetu wameniuliza zaidi ya mara moja: "Pasta, ni dhambi kutazama zile sinema za mtaani, za mtu anayetafuta kutoka kimaisha kwa hip-hop?" Wazazi nao wananiomba nizikemee madhabahuni. Kweli, matusi yamo, bangi imo, bunduki zimo. Hizo si za kuwekea watoto sebuleni. Lakini tukiishia kwa matusi, tutapitwa na swali kubwa zaidi. Mimi nililisoma darasani nikifanya digrii ya biashara, kumbe Biblia ilishaliuliza zamani: nani analipa gharama?

Chukua Hustle & Flow, filamu ya mwaka 2005 kuhusu mji wa Memphis, Marekani. DJay ni kuwadi, anakula jasho la wasichana anaowauza barabarani. Umri unaenda na anataka kuwa rapa. Siku moja anamfuata rafiki yake wa shule, fundi wa kurekodi sauti, hadi kanisani. Wimbo wa injili unaimbwa, machozi yanamtoka. Hapo ndoto inaamka. Wanatengeneza studio nyumbani, lakini wanahitaji maikrofoni nzuri na pesa hakuna. Unajua aliipataje? Alimpeleka Nola, mmoja wa wale wasichana, akamlipe mwenye duka kwa mwili wake. Nola anatoka pale amevunjika moyo, anamwambia DJay wazi kwamba hataki tena kufanyiwa hivyo. Maikrofoni ikapatikana, na nyimbo zikarekodiwa. Mwaka 2006 wimbo mmoja wa filamu hiyo ukapewa tuzo ya Oscar.

Katika hesabu za biashara, gharama ambayo hukuiandika kitabuni haijapotea. Kuna mtu ameibeba. Ya DJay ilibebwa na Nola. Na tusisahau, huyu ni mtu aliyelia kanisani! Kuguswa na wimbo si kutubu. Mtu anaweza kulia Jumapili, na Jumatatu akamuuza mwenzake.

Sasa hebu tumwone Daudi. Yuko pangoni Adulamu, Wafilisti wameshika Bethlehemu, kwao nyumbani. Ana kiu, anatamani maji ya kile kisima cha langoni. Hakumtuma mtu; alitamani tu kwa sauti. Mashujaa 3 wakapenya katikati ya adui, wakateka maji, wakamletea. Maji yako mkononi, kiu iko kooni. Lakini Daudi alikataa kuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana, kwa sababu alichokiona mle ndani ni damu ya watu waliohatarisha maisha yao.

Kiu yake haikuwa dhambi. Wala ndoto yako ya muziki si dhambi. Daudi aliuliza tu ni nani aliyelipa, na jibu likamzuia kunywa.

Kuna filamu nyingine, 8 Mile, ya mwaka 2002, kuhusu mji wa Detroit. Jimmy, anayeigizwa na Eminem, anafanya kazi katika kiwanda cha vipuri vya magari, na mama yake na dada yake mdogo wanaishi kwenye nyumba ya trela. Mwishoni anashinda shindano la rapu, ukumbi mzima unamshangilia. Je, anabaki kusherehekea? La, anarudi kiwandani kumaliza zamu yake. Sinema inaishia akitembea peke yake usiku. Jimmy si mtakatifu, ana makosa mengi. Lakini usiku ule gharama ya ndoto yake ilikuwa kwenye mgongo wake mwenyewe.

Kijana, hebu kaa chini na kalamu. Ile pesa ya studio ilitoka wapi? Ni msichana wa watu amechukua mkopo wa simu kwa jina lake, na sasa ni yeye anayepigiwa simu za kudai? Ni karo ya mdogo wako? Ni mtaji wa mama wa mboga? Basi usiseme "Mungu amenifungulia mlango" wakati mlango umeshikiliwa na mtu anayeumia. Mlipe kwanza, hata kama albamu itachelewa mwaka mzima.

Mzazi, usimfukuze mtoto kwa sababu anaimba rapu. Muulize hesabu, kisha umsaidie kupata njia ya halali ya kulipa.

Na sisi viongozi tusijifiche. Mpiga kinanda anayekuja mazoezi mara tatu kwa wiki bila nauli, tukimwambia kila mara "Mungu atakulipa," anabeba gharama ya ndoto yetu. Hayo nayo ni maji ya Bethlehemu, na tumekuwa tukiyanywa.

Ni mmoja tu aliyemwaga damu yake kwa ajili yako, na aliitoa kwa hiari: Yesu Kristo. Hiyo inatosha. Usiongeze ya mtu mwingine.

Wiki hii, kabla ya kuombea ndoto yako, andika jina la kila mtu anayeilipia. Kisha mwende mkaongee. Mungu akubariki.