Subira ya Watakatifu na Neno "Vumilia"

Soma kwa ajili ya somo hili: 1 Samweli 19:9-18, 1 Wakorintho 13:4-7, Waefeso 4:1-3, Yakobo 1:2-4, 1 Petro 2:18-20, 3:7, Ufunuo 2:2, 20.

Fungu la kukariri: Ufunuo 14:12.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kanisa moja la Bunda, mama mmoja alibaki kwenye benchi baada ya darasa la Shule ya Sabato kumalizika. Jicho lake moja lilikuwa limevimba. Alinieleza kwamba mumewe humpiga, na kwamba haikuwa mara ya kwanza wala ya tatu. Nilimsikiliza, nikamwombea, kisha nikamwambia, "Vumilia, mama, Bwana anaona." Akanitazama, akauliza, "Mwalimu, nivumilie nini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefundisha darasa lile kwa miaka mingi, na siku hiyo nilitambua kwamba neno nililolitumia zaidi kuliko yote sikuwahi kulichunguza.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno hapa. Tunasema kuvumilia, kustahimili, kusubiri, kuchukuliana, kuridhia. Katika mazungumzo yetu tumeyabana yote ndani ya "vumilia", lakini Biblia ya Union Version tunayoisoma kanisani mara nyingi inayatenganisha.

Anza na 1 Wakorintho 13. Katika fungu la 7 kuna "huvumilia" na "hustahimili", moja mwanzoni na jingine mwishoni. Katika Kiyunani nayo ni maneno mawili tofauti. La kwanza lina undugu na neno la paa la nyumba: upendo hufunika kama paa linavyozuia mvua isiwalowanishe walio ndani. La pili ni kubaki chini ya mzigo bila kuanguka. Kiswahili kimelipatia hili la pili, maana "kustahimili" limetoka kwenye shina la Kiarabu la kubeba, lilelile lililotupa hamali wa sokoni na mhimili wa nyumba. Sasa jiulize: paa humfunika nani? Aliye ndani, anayeweza kulowa. Tunapoficha kipigo ili jina la mzee wa nyumba, au jina la kanisa, lisichafuke, tumelitoa paa juu ya mnyonge tukalipeleka kwa mwenye rungu.

Soma Waefeso 4:1-3. Neno hapa ni "mkichukuliana". Wanafunzi wa sarufi wataona ile "-ana" mwishoni. Watu hupendana, husaidiana, huchukuliana; mmoja peke yake hawezi. Wewe unabeba usahaulifu wangu, nami nabeba maneno yako mengi. Kwaya ya kanisa haiwezi kudumu mwezi mmoja bila jambo hili, na wanaoimba sauti ya tatu wanaelewa ninachosema! Lakini pale ambapo mmoja anabeba na mwingine anapiga, ile "-ana" haipo tena, na si halali kumtwika mtu fungu hili kana kwamba ipo.

Vipi kuhusu saburi, au subira? Yakobo anaiunganisha na kujaribiwa kwa imani. Wale wa Mwigobero, Musoma, wataielewa upesi. Mvuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza. Siku za mbalamwezi dagaa hawakusanyiki kwenye taa, hivyo anabaki nchi kavu. Haulaumu mwezi, wala hauzi mtumbwi. Anashona nyavu, anaziba mtumbwi unapovuja, akijua giza litarudi. Hiyo ndiyo subira: kungoja kwa tumaini jambo lililo mkononi mwa Mungu, huku mikono yako ikifanya iliyopewa. Subira ya watakatifu katika Ufunuo 14:12 ni ya namna hii. Wanaongoja hapo wanashika amri, hawajalala.

Sasa linganisha na vijiji vya Bunda vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti. Tembo wanapoingia shambani usiku, hakuna anayemwambia jirani yake, "Vumilia, lala." Watu wanakesha, wanapiga madebe, wanamulika tochi, wanaitana. Mkulima yuleyule anayestahimili ukame bila kunung'unika hamwachii tembo mahindi ya watoto wake. Anajua tofauti bila kufundishwa. Ajabu ni kwamba hekima hiyo tunaiacha shambani tunapoingia kanisani.

Soma Ufunuo 2:2 na 2:20. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Kanisa la Efeso linasifiwa kwa subira yake, na katika fungu lilelile linasifiwa kwa kutoweza kuchukuliana na watu waovu. Hili ndilo kanisa ambalo Paulo aliliandikia lichukuliane! Yesu haoni mgongano. Kisha Thiatira, kanisa ambalo nalo lina subira (fungu la 19), linakemewa kwa sababu linamridhia Yezebeli. Kuridhia kunatoka nyumba moja na radhi na ridhaa. Ni kukubali. Mtu anaweza kukaa kimya miaka ishirini, majirani wakamsifu kwa uvumilivu, kumbe waliomzunguka walikuwa wanaridhia.

Mkoa wetu una mfano mchungu kuliko huo. Katika jamii zetu kadhaa, msichana anayekeketwa hutazamiwa asilie wala kutikisika. Akinyamaza chini ya wembe, anashangiliwa kuwa amevumilia. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18, hata hivyo kila msimu unapokaribia mwezi Desemba, wapo mabinti wanaokimbilia nyumba salama kama ile ya Butiama. Baadhi yao hutembea usiku. Je, hao wamekosa uvumilivu? Wamekataa kuridhia. Walio na deni la kujibu ni sisi watu wazima tuliojua tarehe tukanyamaza.

Mtu atauliza kuhusu 1 Petro 2:18-20, na ni haki aulize. Petro anaandika kwa watumwa, watu ambao sheria ya Rumi haikuwapa mlango wa kutokea. Anawatia moyo wanaoteswa. Hawapi wazee wa kanisa fungu la kumrudisha mtu kwenye mateso yanayoweza kukomeshwa. Akifika 3:7 anawageukia waume na kuwaonya kwamba jinsi wanavyokaa na wake zao inaweza kuzuia maombi yao. Sijasikia mahubiri mengi juu ya onyo hilo.

Tazama pia Daudi. Hakuinua mkono juu ya Sauli, akangojea wakati wa Bwana kwa miaka. Saburi gani inaizidi hiyo? Lakini mkuki ulipochoma ukuta, hakukaa kusubiri wa pili. Alikimbia usiku uleule, mkewe Mikali akamteremsha dirishani, na akafika kwa Samweli. Nabii hakumwambia arudi nyumbani akavumilie. Alimchukua, wakaenda kukaa pamoja Nayothi.

Tangu mwaka 2009 kanisa letu ulimwenguni limekuwa na kampeni ya kukomesha ukatili, na Sabato ya nne ya Agosti imetengwa kwa ajili hiyo. Mara nyingi tunaiachia Idara ya Huduma za Wanawake, wanaume wakiwa nje chini ya mwembe. Yule mama wa Bunda hatimaye alisindikizwa na akina mama wa Dorkasi hadi kituo cha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Mimi sikuwa miongoni mwao. Nilimwomba msamaha baadaye, naye alinisamehe upesi kuliko nilivyostahili.

Maswali ya kujadili

1. Katika Kijita, Kikurya, Kizanaki, Kiikizu au lugha nyingine ya nyumbani kwenu, kuna maneno mangapi ya kuvumilia? Lipi linatumika kwa ukame, na lipi kwa mtu anayekuonea?

2. Mshiriki akija kwenu leo jioni na jicho lililovimba, nani atamsindikiza, wapi, na kwa nauli ya nani? Andikeni majina kabla ya darasa kufungwa.

3. Yupo mtu uliyewahi kumwambia "vumilia" wakati wewe ndiye uliyekuwa unaridhia? Unaweza kumtafuta wiki hii?