Heshima na Deni Lake

Heshima ni kitu kitamaniwacho na kila mtu, lakini waijuao bei yake ni wachache kuliko waitamanio. Mmoja huheshimiwa kwa umri, mwingine kwa cheo, mwingine kwa mali na mwingine kwa elimu. Katika insha hii nataka kuitazama heshima ya elimu, hasa ile ambayo chuo kikuu humpa mwanafunzi kwa kumwita kando ya wenziwe na kumwambia, "Tumekuona waweza zaidi, njoo utwae kazi iliyo nzito zaidi." Swali langu ni hili: je, mwanafunzi aitwaye hivyo yampasa kuitika? Na akiitika, huitika kwa faida ya nani?

Kwanza yafaa tulielewe jambo lenyewe. Makerere, iliyoanzishwa mwaka 1922, ilifungamana na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na vijana wa Afrika ya Mashariki wakaanza kuandaliwa hapo kwa shahada za London. Hatimaye palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kusoma masomo kadhaa kwa pamoja. Ya pili ilikuwa ya kulichimba somo moja mpaka chini. Njia hii ya pili Waingereza huiita kwa neno lao lenye maana ya heshima. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeingia Makerere mwaka 1959, alipita njia hiyo katika somo la Kiingereza. Huko Marekani, chuo cha Swarthmore kilianza mpango wa namna hii mwaka 1922 chini ya mkuu wake, Frank Aydelotte. Wanafunzi wachache walikaa na mwalimu na kujadiliana naye, kisha wakatahiniwa na watu waliotoka nje ya chuo, wasiowajua wala kuwapendelea. Waonaje, msomaji? Heshima hiyo haikuwa kiti cha kupumzikia. Ilikuwa mzigo ulioongezwa juu ya mzigo.

Sasa natuulete mjadala huu Oyugis, mji wa soko ulio katika barabara ya kutoka Kisii kwenda Kisumu. Tuchukue mfano wa kijana mmoja ambaye mama yake huuza viazi vitamu sokoni hapo. Siku alipopata nafasi ya chuo kikuu, majirani walifanya harambee. Huyu alitoa shilingi mia, yule akatoa kuku, na baba yake mdogo akauza ndama. Baada ya miaka miwili chuoni, kijana yule anaitwa kuingia katika kundi dogo la wanafunzi bora. Atasoma mwaka mmoja zaidi, na ataandika tasnifu yake mwenyewe. Lakini nyumbani yuko dada yake mdogo anayengoja kuingia sekondari, na ada yake ilitarajiwa kutoka katika mshahara wa kwanza wa kaka yake.

Kijana alipolieleza jambo hili nyumbani, baba yake mdogo alisema, "Mwanangu, mchango wetu ulikuwa wa kukuvusha mto, haukuwa wa kukufundisha kuogelea." Mama yake hakubishana. Aliuliza neno moja tu, "Hiyo heshima, mwanangu, itamlipia mdogo wako ada?"

Swali la mama ni zito, wala halifai kujibiwa kwa maneno matamu. Wako watakaomwambia kijana, "Usiwasikilize, hawajui elimu." Wanaosema hivyo wanakosea. Aliyeuza ndama anajua elimu ina bei gani kuliko aliyeipata bure. Wako pia watakaomwambia aikatae nafasi hiyo mara moja, kwa sababu kujitenga na wenzake ni kiburi. Neno hili lina ukweli ndani yake. Wahenga walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wanafunzi wengi waliosifiwa mno wamekuwa kama mgema huyo. Lakini kosa la mgema ni maji aliyoyatia. Sifa zenyewe hazikuliharibu tembo. Hivyo kiburi cha baadhi ya wasomi si hoja ya kutosha ya kuizuia elimu isiende mbali.

Faida ya kulichimba somo moja yaonekana katika maisha ya Bethwell Ogot, aliyezaliwa mwaka 1929 huko Gem, ng'ambo ya Ghuba ya Winam. Alisoma Makerere, kisha St Andrews katika Uskoti, kisha London. Wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba watu wasio na maandishi hawana historia iwezayo kuandikwa. Ogot alirudi kwa wazee, akayasikiliza masimulizi yao, akayapima na kuyalinganisha kama hakimu apimavyo ushahidi. Kitabu chake cha historia ya Wajaluo wa kusini kilitolewa mwaka 1967. Kama angaliridhika na elimu ya kumtosha kupata kazi tu, maneno mengi ya wazee wale yangalizikwa pamoja nao. Hapa twaona kisima kilichochimbwa na mtu mmoja kikawanywesha wengi.

Lakini hatuna ruhusa ya kutazama upande mmoja. Barack Obama, baba wa yule aliyekuwa rais wa Marekani tangu mwaka 2009 hata 2017, alizaliwa upande wa Kendu Bay, si mbali na Oyugis. Mwaka 1959 alikwenda kusoma Hawaii. Akili yake ilikuwa kali hata akaingizwa katika Phi Beta Kappa, chama cha wanafunzi bora wa Marekani, na baada ya kumaliza masomo yake mwaka 1962 akaendelea Harvard. Huku nyumbani alikuwa ameacha mke na mtoto, na mimba iliyokuwa haijazaliwa. Simtaji ili nimhukumu, kwani mwenye kuhukumu yampasa ajue yote. Namtaja kwa sababu maisha yake yaonyesha kwamba chuo kinaweza kupima akili ya mtu na kuipa nishani, lakini hakiwezi kumlipia madeni yake mengine.

Basi kijana wetu afanye nini? Naona yampasa kwanza kujihoji bila huruma. Ikiwa aitamani nafasi ile kwa ajili ya jina, na husema "nitalitumikia taifa baadaye" ili asisikie kilio cha dada yake leo, anajidanganya. Taifa ni neno kubwa, na nyuma ya neno kubwa mtu huweza kujificha. Kwa upande wa pili, ikiwa aiogopa kazi ile ngumu, naye humtaja dada yake ili woga wake uonekane kuwa wema, anajidanganya vilevile. Deni la kweli hutofautiana na kisingizio kwa jambo moja: mwenye deni hutafuta njia ya kulipa, na mwenye kisingizio hufurahi kuona njia imefungwa.

Baada ya kujihoji, na arudi Oyugis kabla ya kutoa jibu, akae na mama yake na baba yake mdogo, wahesabu pamoja. Huenda likizo zake zitapata kazi, huenda posho yake itagawanyika, huenda ndugu mwingine atabeba mwaka huo mmoja. Njia ikipatikana, na aende, tena aende kwa bidii mara mbili, kwa kuwa sasa anasoma kwa niaba ya watu wawili. Njia isipopatikana, naye akaiacha nafasi ile ili dada yake asibaki nyumbani, hajapoteza heshima yoyote. Jina la heshima atalikosa, lakini tabia ya kulichimba jambo mpaka chini haigawiwi na chuo peke yake. Mwalimu wa shule ya kijijini aweza kuwa nayo, na fundi, na mkulima pia.

Ewe kijana usomaye maneno haya, huenda siku moja utaitwa kando ya wenzako na kuambiwa kwamba waweza zaidi. Furahi, kwani ni neno jema. Kisha, kabla ya kuitika, kumbuka ni mikono ya akina nani iliyokufikisha mahali pa kuitwa, ukaiulize.