Ndivyo Nilivyo, au Ndivyo Nilivyozoea?



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Gonja, na jioni tulikuwa tunacheza mpira. Siku moja tukapata penati dakika za mwisho. Kijana mmoja mkimya akanyoosha mkono apige. Nikamzuia: "Wewe acha bwana, wewe mwoga." Akapiga mwingine, akakosa. Lakini kilichoniuma si ile penati. Kesho yake yule kijana hakuja uwanjani, wala keshokutwa.

Kusema kweli, nilijiona mtaalamu. Si nimesoma nadharia za haiba! Nazijua zile hulka nne za tangu enzi za daktari Galen: sangwini mchangamfu, koleriki mwenye moto, melankoli mwenye mawazo mengi, flegmatiki mtulivu. Namjua pia Hans Eysenck, aliyewapima watu kwa uchangamfu wao na kwa wepesi wao wa kuyumba kihisia. Wapo waliotumaini kwamba vipimo vya namna hiyo vitawaonyesha mapema nani atakuwa bingwa michezoni.

Ila mwaka 1968 Walter Mischel alitoa kitabu kilichoyatikisa hayo. Hoja yake: alama za haiba peke yake hazitabiri vizuri mtu atafanya nini, kwa sababu hali anayokutana nayo ina uzito mkubwa. Yaani huyohuyo anayetetemeka mbele ya mwalimu anaweza kuwa wa kwanza kumkabili nyoka.

Mwaka huohuo, kwenye Olimpiki ya Mexico City, Mtanzania mwenzetu John Stephen Akhwari alianguka katika mbio za marathoni akaumia goti. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda. Zaidi ya saa nzima baadaye, Akhwari akaingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bandeji, akamaliza wa mwisho. Alisema nchi yake haikumtuma aanze mbio tu, ilimtuma amalize. Hakuzungumzia hulka yake. Alizungumzia wajibu.

Simaanishi kwamba hulka haipo. Ipo, tunazaliwa nayo. Lakini Mtakatifu Thomas wa Akwino anatufundisha kwamba fadhila hukua kwa kurudia matendo mema, na neema ya Mungu hutuinua kupita nguvu zetu. Tena ushujaa si kukosa hofu, ni kushika lililo jema ukiwa na hofu yako.

Hapo ndipo niliposhtuka. Yule kijana aliogopa kweli, na bado alinyoosha mkono. Mkono ule ndio uliokuwa ushujaa wenyewe, ukianza kuchipua, nami nikaushusha.

Dhambi hii ina sura mbili. Kwa mwenzako unasema, "Huyu ndivyo alivyo," unamfungia mlango. Kwako mwenyewe unasema, "Mimi koleriki bana, usinichokoze," unajifungia wewe mlango wa toba.

Nilimfuata kwao nikamwomba radhi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa, Frateri." Basi. Sijui kama atarudi uwanjani.

Wiki hii jiulize: ni nani niliyemshusha mkono? Na ni kosa glangu lipi nimelipa jina la hulka?

Ee Bwana, wewe uliyeniumba hujamaliza kazi yako ndani yangu. Nisaidie nisiikatishe ndani ya mwenzangu. Amina.