Mganga Apewe Nini?

Upo mchezo wa mezani ambao vijana wetu hapa Johannesburg wameuzoea, na baadhi yetu watu wazima tumeingia humo kwa kisingizio cha kuwasindikiza watoto. Unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Watu huketi kuizunguka meza, mmoja anasimulia, na wengine kila mmoja anakuwa mhusika ndani ya hadithi: mpiganaji, mwizi, mganga. Jambo likifanikiwa au likishindikana, limeamuliwa na dadu pamoja na namba sita zilizoandikwa kwenye karatasi ya mhusika, yaani nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, hekima na haiba. Kabla ya kucheza sharti useme mhusika wako anacho kiasi gani cha kila kimoja. Ni hapo tu tunapotaka kupazungumzia leo, kwa sababu tumeona ugomvi mkubwa zaidi hutokea hapo kuliko kwenye mapigano yenyewe.

Kwanza jina. Tukimwita mtu huyu mchawi tumekwisha kumhukumu, maana kwetu mchawi ni mtu wa kudhuru na hana utetezi. Tumechagua mganga, kwa kuwa kuganga ni kutengeneza kilichovunjika. Watu wa pwani tangu zamani wanamtenga mganga wa kitabu, aliyekaa chini ya mwalimu akasoma, na mganga wa pepo, ambaye uwezo wake unatoka kwa mwenye kumpanda kichwani. Kwa hiyo sheria za mchezo hazikutushangaza. Mganga wa vitabu hutegemea akili. Kuhani, anayepewa na mungu wake, hutegemea hekima. Na tangu toleo la tatu la mwaka 2000 yupo pia aliyezaliwa na uganga damuni, huyo hutegemea haiba.

Haiba ndiyo inayotutia hofu. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe hakuwa na bunduki wala jeshi. Alikuwa na maji, na neno lililowafanya watu wa makabila yaliyokuwa mbalimbali wayaamini maji hayo kuwa yatazuia risasi za Wajerumani. Alinyongwa Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa vimeanza tu, na hadi vinakwisha mwaka 1907 walikuwa wamekufa makumi ya maelfu ya watu (wako wanahistoria wanaokadiria hadi 300,000), wengi wao kwa njaa. Hatusemi alidanganya. Bila haiba yake watu wale wasingesimama pamoja, na kusimama kwao pamoja bado tunajivunia. Tunasema tu kwamba uwezo wake ulikaa ndani ya imani ya wengine, na bei ikalipwa na hao hao. Hapa jijini nguzo na kuta zimejaa vikaratasi vya waganga wanaojinadi kuwa wametoka Afrika Mashariki, wakiahidi kurudisha mpenzi na kufuta madeni. Hao nao wameweka pointi zao zote kwenye haiba, ila hao hatuwajivunii.

Turudi kwenye karatasi. Katika sheria za mwanzo ulirusha dadu tatu kwa kila sifa, na ulichopata ndicho chako. Wenyeji wetu wangekubaliana na utaratibu huo: sangoma hajichagui, huitwa na wahenga, na mara nyingi wito huja kwa sura ya ugonjwa. Baadaye ikaja njia ya kununua. Katika toleo la mwaka 2014 unaweza kupewa pointi 27. Kila sifa inaanzia 8, na mwisho wa kununua ni 15. Kuifikisha 15 kunagharimu pointi 9, kwa hiyo ukitaka 15 tatu unazipata, lakini tatu zilizobaki zitakaa kwenye 8. Waliobobea wanashauri bila huruma: mganga wa vitabu apewe akili ya juu kabisa, kisha wepesi na ustahimilivu, upungufu uutupe mahali ambapo hutaumia.

Ni hilo neno "hutaumia" linalotusumbua. Mganga mwenye nguvu 8 haumii kweli, kwa sababu yuko mpiganaji atakayembebea mzigo na kusimama mbele yake joka likija. Upungufu haukutoweka, umehamia mgongoni mwa mwenzake. Wanaohesabu namba zao peke yao hudhani wamepata faida.

Na sisi tulioko huku tunaijua hesabu hii kuliko wengine, maana wengi wetu ni karatasi zilizojazwa na familia nzima. Ada ilikuwa ya mtoto mmoja. Shamba likauzwa, ng'ombe wakauzwa, akasoma mmoja, naye ndiye leo mhasibu Sandton au muuguzi Pretoria. Dada yake aliishia darasa la saba akabaki kuwatunza wazee. Hakuna aliyekuwa mwovu katika uamuzi ule. Pointi zilikuwa 27 na si zaidi. Pengine ulikuwa uamuzi sahihi. Lakini dada yule hakuulizwa kama anakubali kuwa ile 8. Na sasa yule mwenye 15 anapotuma fedha nyumbani mwisho wa mwezi, huzituma kama mtu anayetoa msaada, na tumewasikia watu wazima wenye akili zao wakilalamika kwamba ndugu wa nyumbani ni wavivu. Mpiganaji aliyewabebea mzigo tangu utotoni wanamwita mvivu!

Tuseme pia neno moja juu ya ustahimilivu, kwa sababu vijana huudharau. Katika mchezo, uganga mwingi unadumu kadiri mganga anavyoweza kuukazia mawazo. Akipigwa, anarusha dadu, na inayomsaidia hapo si akili iliyouanzisha uganga bali ustahimilivu. Akishindwa, kila alichokijenga kinapotea papo hapo. Aliyewahi kupanga foleni tangu alfajiri akisubiri karatasi za ukimbizi, akarudishwa, akarudi tena wiki iliyofuata huku akisomea mtihani wa jioni, haitaji kuelezwa zaidi.

Basi tukiulizwa mganga wetu apewe nini, tunasema akili 15, ustahimilivu 14, wepesi 13, hekima 12, haiba 10, nguvu 8. Ukijumlisha gharama zake utazikuta 27 kamili. Hekima 12 wengine wataiona ni ubadhirifu kwa mtu wa vitabu. Tumeiacha hapo ili awe na macho ya kumwona aliye mbele yake kwenye vita. Haiba 10 inatosha kuombea njia. Nguvu, ndiyo, ni 8, na hatuwezi kuificha. Ndiyo maana meza yetu ina sharti moja tulilolitunga wenyewe: kabla ya safari, mganga anamwambia mpiganaji kwa kinywa chake ni mizigo ipi atakayombebea, na mpiganaji ana haki ya kukataa. Mara mbili amekataa. Mara zote mbili tulikaa tukaanza kuijaza karatasi upya.