Shimo la Changarawe ni la Nani?

Barabara zetu za Ngara na Biharamulo hulala juu ya changarawe, nayo changarawe hutoka shimoni. Kazi ikiisha, shimo ni la nani?

Wako wasemao, mwenye shamba amekwisha kulipwa, basi neno limekwisha. Mimi naona sivyo. Kilicholipiwa ni changarawe. Mtoto achungaye mbuzi ukingoni, maji yakiisha kutuama humo, hakuingia katika mapatano yale. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yampa mkaguzi ruhusa ya kuingia na kutazama, na aliyeharibu aweza kuamriwa kuirudisha nchi katika hali yake. Ni vema. Lakini mkaguzi huja siku moja, kisha huenda zake, na kazi yenyewe huanza kabla hajaja: udongo wa juu wenye rutuba hutengwa kando siku ya kwanza, usichanganywe na kifusi, ili mwishoni kingo zilazwe, udongo urudishwe, miti ipandwe. Aliyeutupa udongo ule, hata akiamriwa, atarudisha nini? Na Ngara ni nchi ya milima. Kingo zisipolazwa, mvua huteremsha kifusi mpaka shamba la jirani wa bondeni, ambaye hakupokea hata senti moja.