Mazoea Yana Taabu



Wazee wetu walisema: mazoea yana taabu. Neno hili nimelisikia tangu utotoni, nikidhani lamhusu mvuta tumbako au mlevi. Sikudhani kuwa iko siku nitalikuta mbele ya kompyuta, na kuwa mwenye taabu nitakuwa mimi.

Chuoni kwetu tunayo kompyuta moja ya kuandikia mitihani ya watoto na khabari za karo. Programu zilizomo alitutilia kijana mmoja, zimenakiliwa bila ya kulipiwa. Miaka mingi tulizitumia wala hatukuuliza. Kisha mwanafunzi wangu wa zamani akanambia: "Maalim, hizi ni mali za watu, na wenyewe hawakutoa idhini. Iko LibreOffice, ambayo wenyewe wameiruhusu kwa kila mtu." Nikaona asema kweli, akaitia. Halikutimia juma, mimi ndiye niliyemwita airudishe ile ya zamani. Kisa? Nilichokizoea sikukiona pahala pake, na mitihani ya zamani ilipofunguliwa, mistari ilikuwa imekwenda upande.

Basi nikajiuliza: kwa nini mtu aonyeshwe kilicho halali, tena hakina bei, kisha arudi kwenye kisicho chake?

Kwanza tuifahamu maana. Kiingereza kina neno moja kwa mambo mawili ambayo Kiswahili kinayatenga: bure na huru. Richard Stallman, Mmarekani aliyeitangaza kazi hii mwaka 1983, alikusudia huru. Chukua mfano wa jahazi. Fundi mmoja akuuzia kwa sharti usiulize limeundwaje, usibandue ubao, wala usimuundie jirani mfano wake. Mwingine akupa jahazi pamoja na ilimu ya kuliunda, akakuruhusu ulisafirie, ulichungue, ulibadilishe na uwape wenzako. Huyu wa pili ndiye mwenye programu huru, na kila mwenye akili atamchagua yeye. Lakini mwanaadamu haongozwi na akili peke yake.

Pingamizi ni tatu. Ya kwanza ni mkono: vidole vimekwisha jifunza njia, na kuvifundisha upya ni kumrudisha mtu mzima darasa la alifu. Ya pili ni dhana, kwani twasema rahisi huvunja upishi. Kisicho na bei twakidhani hakina thamani. Ya tatu, nayo ndiyo nzito, ni watu. Barua huandikwa isomwe na mwengine, na ofisi ikikuletea fomu iliyotengenezwa kwa programu fulani, nawe wataka kuirudisha kama ilivyokuja, basi si wewe tena uliyechagua. Hata lugha haikutosha kutuvuta. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kuitoa Jambo OpenOffice, kwa Kiswahili chetu wenyewe. Ni wangapi katika sisi walioitumia?

Wala si sisi peke yetu. Mji wa Munich, Ujerumani, uliamua mwaka 2003 kuiacha Windows na kutumia Linux. Kazi ilichukua karibu miaka kumi, kompyuta kiasi cha 15,000 zikageuzwa. Hata hivyo wafanyakazi walinung'unika, na nyaraka za kupelekeana na watu wa nje zikaleta usumbufu. Mwaka 2017 baraza la mji likaamua kurudi Windows.

Lakini tazama askari wa Gendarmerie wa Ufaransa. Hao mwaka 2005 walianza na programu ya kuandikia tu, juu ya kompyuta zile zile walizozizoea. Kisha wakabadilisha ya kusomea intaneti na ya barua. Vidole vilipokwisha zoea, ndipo tangu mwaka 2008 wakaugeuza na msingi wenyewe, wakaingia Linux. Leo makumi ya maelfu ya kompyuta zao zatumia hiyo.

Kwetu sisi jambo hili si la starehe tu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Kuwait mwaka 1988 liliamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi zalindwa kisharia, wala haijuzu kuzivamia. Basi twamfundisha mtoto amana kwa karatasi iliyoandikwa kwa kitu cha watu? Aibu hii niliibeba mimi kabla ya mtu mwengine.

Nimefahamu kuwa kosa langu lilikuwa kutaka kuhama kwa siku moja, tena peke yangu. Mazoea ni udhuru wa kwenda polepole, si udhuru wa kutokwenda. Sasa walimu wote wanne tumekubaliana: kila mtihani mpya waandikwa kwa LibreOffice, na ya zamani twaihamisha mmoja mmoja, yule kijana akitusaidia kila Alkhamisi. Ile isiyo yetu ingalimo kwenye mashini. Ahadi yetu ni iondoke kabla ya Ramadhani.

Nawe, ndugu yangu, tazama nyumbani mwako kilichobaki kwa sababu ya mazoea tu. Mwenyezi Mungu atupe nguvu ya kuanza, na subira ya kutorudi nyuma. Amin.