Kumwona Mtu Bila Kumchoma

Somo: Luka 13:10–17

Luka, ambaye Paulo anamtaja kuwa tabibu, anasimulia habari za mwanamke aliyepinda mgongo kwa miaka 18. Ugonjwa wenyewe hautaji. Wapo madaktari wa leo wanaokisia kifua kikuu cha mifupa, wengine kukakamaa kwa uti wa mgongo, na wakisie. Mimi husimama pale Yesu anapomwona na kumwita kabla mama huyo hajaomba lolote. Hamhoji mbele ya sinagogi. Hamtaki asimulie anavyolala usiku.

Nimeusoma mstari huo nikiwaza jambo la hospitalini: namna madaktari wanavyotazama mwendo wa maji yanayouzunguka ubongo na kushuka hadi mgongoni, bila kisu wala sindano.

Mtu mzima ana takriban mililita 150 za maji hayo, na mwili hutengeneza kama nusu lita kila siku, hivyo ya asubuhi siyo ya jioni. Wala hayatulii. Moyo ukipiga, damu huingia kichwani, na kwa kuwa fuvu halitanuki, maji husukumwa kupitia tundu la chini ya fuvu kwenda mgongoni. Moyo ukilegea, hupanda tena. Mwaka 2015 watafiti wa Göttingen, Ujerumani, walionyesha kwamba kuvuta pumzi nako huyasukuma kwa nguvu.

Zamani kuyajua maji haya kulimgharimu mgonjwa. Mwaka 1891 Heinrich Quincke, Mjerumani, aliyafikia kwa sindano ya kiunoni. Mwaka 1921 Wafaransa Sicard na Forestier wakaanza kutia mgongoni mafuta yenye iodini ili eksirei ionyeshe njia ilipoziba. Mafuta yale yaliweza kubaki mwilini miaka mingi.

Siku hizi ipo MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku. Sumaku zake huyapa maji alama mara mbili, ya pili ikiifuta ya kwanza. Maji yaliyotulia hubaki bila alama. Yaliyosogea hubaki nayo, na alama hiyo humwambia daktari yamekwenda upande gani na kwa kasi gani.

Kwa nini kuhangaika hivyo? Kuna watu ambao sehemu ya chini ya ubongo wao imeshuka ndani ya tundu lile la fuvu. Hans Chiari aliieleza hali hiyo akiwa Prague mwaka huohuo wa 1891. Picha ya kawaida hupima imeshuka milimita ngapi. Lakini yuko aliyeshukiwa sana na halalamiki, na yuko aliyeshukiwa kidogo ambaye kila akikohoa kichwa hutaka kupasuka. Picha ya mto haikuambii kama maji yanakwenda. Kwa wengine, tundu lenye maji hutokea ndani ya mshipa mkuu wa fahamu wa mgongoni, ugonjwa uitwao siringomielia. Mama anaepua sufuria, kiganja kinaungua, na hasikii moto, ingawa ukimgusa anasikia. Mtaani wanasema karogwa. Kanisani, nasema kwa uchungu, tumewahi kusema hana imani.

Kinachonigusa zaidi katika kipimo hiki cha MRI ni kwamba hakiendi kwa saa yake. Mgonjwa huwekewa nyaya kifuani au kibanio kidoleni, na mashine hufuata mapigo ya moyo wake, ikiokota kipande kwa kipande kwa mapigo mengi hadi ipate mzunguko mmoja kamili. Moyo usiopiga kwa mpangilio huichelewesha au kuivuruga picha. Sisi wachungaji tuna haraka. Mtu anakaa ofisini dakika tano, tayari tumemchimba: umegombana na nani, umetenda dhambi gani, mumeo anasemaje. Tunapata majibu, naye anaondoka na jeraha jipya. Wengi hawarudi, nasi tunasema wamepoa kiroho.

Hata hivyo, Yesu hakuishia kumtazama yule mama. Alimwekea mikono. Nalisema hili kwa sababu wapo watakaosoma habari za MRI kisha wakatae sindano kabisa. Homa ya uti wa mgongo ni jambo jingine: picha haitaji ni kijidudu gani kilichoingia, na mara nyingi daktari hana budi kuyatoa maji ayapime. Watu wetu huogopa, wakisema fulani alitolewa maji ya mgongo akafa. Mara nyingi huyo fulani alifikishwa hospitali akiwa tayari mahututi, baada ya siku za maombi na dawa za dukani. Ndugu wa mgonjwa, muulizeni daktari maswali yenu yote, hata yale mnayoona haya kuyauliza, kisha msimcheleweshe.